Shilingi Elfu Tisa za Siku Moja

(Mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa elimu kwa mlaji mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa, Temeke, Dar es Salaam, katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani)



Wengi mlioketi hapa mbele mna umri wa mama yangu, na si jambo jepesi kwa kijana ambaye hajafikisha miaka thelathini kusimama mbele ya watu waliolisha familia kwa miaka mingi akawafundisha namna ya kulisha familia. Sitajaribu kufanya hivyo. Nitawaeleza yale ambayo kazi yangu imeniwezesha kuyaona: yaliyomo ndani ya pakiti, yaliyoandikwa nyuma yake, na yale yanayotokea kwenye mizani kabla bidhaa haijaingia kwenye kikapu chenu. Mengine ninyi mnayajua kuliko mimi.

Sheria zetu na ofisi zetu zimezoea kumwita mnunuzi wa bidhaa yoyote "mlaji". Ukinunua bati, wewe ni mlaji. Ukinunua simu, wewe ni mlaji. Siku nilipoanza kazi neno hilo lilinichekesha kidogo. Leo naliona limekaa mahali pake, kwa kuwa katika nyumba zenye kipato kidogo fedha nyingi kweli huishia tumboni, na hasara kubwa za mnunuzi hutokea hukohuko kwenye unga, mafuta na mboga, shilingi mia kwa mia, bila mtu kupiga kelele. Siku hii tunayoadhimisha inatokana na ujumbe wa Rais John F. Kennedy wa Marekani kwa Bunge la nchi yake tarehe 15 Machi 1962, aliposema kwamba mlaji ana haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Nitaanza na ile ya mwisho, kwa sababu mazungumzo haya yalizaliwa na mama mmoja aliyetaka asikilizwe.

Tulikuwa tumekwenda sokoni kugawa vipeperushi. Kipeperushi chetu kilikuwa na picha nzuri sana: samaki mzima, maziwa, mayai, maembe, ndizi, nyama. Mama huyo akakitazama, akanirudishia, akasema: "Mwanangu, hiki ni cha sikukuu. Mimi nina elfu tisa na watu sita. Nieleze ya leo."

Sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kumwomba tukae pembeni anitajie matumizi ya siku iliyotangulia, nami niyaandike. Nimepata ruhusa yake kuyasoma hapa, ila jina lake si la kutajwa.

Asubuhi: sukari robo kilo, shilingi 750. Majani ya chai, 100. Maandazi manane ya shilingi 200, jumla 1,600. Biskuti na juisi ya pakiti ya mtoto wa shule, 500. Mchana na usiku: unga wa sembe kilo moja na nusu, 2,700. Mchicha mafungu mawili, 600. Nyanya na vitunguu, 700. Mafuta ya kupima, 500. Mkaa, 1,500. Jumla ni shilingi 8,950. Ilibaki shilingi 50.

Tazameni orodha hiyo kwa utulivu. Hakuna anasa ndani yake, wala uzembe. Mama huyu anajua hesabu kuliko wahasibu wengi. Lakini tukijumlisha sukari, majani ya chai, maandazi, biskuti na juisi, tunapata shilingi 2,950, karibu theluthi nzima ya fedha ya siku, iliyokwenda kwenye sukari na unga mweupe wa ngano. Na tukitafuta chakula cha kujenga mwili, yaani maharage, kunde, dagaa, yai, karanga au maziwa, hatukioni. Watoto wanne wa nyumba ile walilala wameshiba. Lishe yao ni habari nyingine.

Nikamwambia, kwa haraka ya kitaalamu, aachane na maandazi. Akacheka. "Saa kumi na moja alfajiri niwashe jiko la mkaa kwa ajili ya kifungua kinywa? Andazi limeshapikwa. Nimenunua na mkaa wa mwenzangu ndani yake." Hoja hiyo ilinifunga mdomo, na tangu siku hiyo sijawahi kuzungumzia bei ya chakula bila kuzungumzia bei ya kukipika.

Basi tuanze na mkaa. Maharage ni chakula cha thamani kubwa, lakini watu huyaogopa kwa sababu yanakula moto. Ukiyachambua na kuyaloweka usiku kucha, muda wa kuchemka hupungua sana. Maji ya kulowekea mwagilieni bustani, kisha yachemsheni kwa maji mapya. Yakishachemka kwa nguvu kwa muda wa kama nusu saa, sufuria inaweza kuepuliwa, ikafunikwa barabara na kuwekwa ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu au nguo nzito pande zote. Joto lililomo litaendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa bila mkaa; ukiyarudisha motoni, utakuwa unamalizia tu. Lakini nasisitiza ile nusu saa ya kuchemka kwa nguvu. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Yakipashwa moto wa uvuguvugu peke yake, yanaweza kusababisha kutapika na kuharisha.

Tuliipanga upya siku ya mama yule hivi. Zile shilingi 2,100 za maandazi, biskuti na juisi tukazigawa: fungu la viazi vitamu la shilingi 1,000, linalochemshwa usiku juu ya moto uliokwisha pika ugali na kupashwa asubuhi, maharage robo kilo kwa shilingi 750, kesho yake dagaa wa thamani hiyohiyo, na shilingi 350 zilizobaki kwa malimao, chungwa au parachichi, kutegemea msimu. Fedha ni ileile na mkaa ni uleule. Si karamu, nakiri. Wiki iliyofuata aliniambia mtoto mkubwa alinuna siku tatu kwa ajili ya maandazi, kwa hiyo Jumapili wanayanunua. Naona uamuzi huo ni wa busara kuliko ushauri wangu.

Kwa nini maharage na dagaa, na si nyama? Nyama ni chakula kizuri, na kwa mtoto mdogo na mama mjamzito ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Lakini hebu tufanye hesabu ya protini. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, isiyo na mfupa, zina kama gramu 20. Sasa chukulieni kilo ya maharage ni shilingi 3,000 na kilo ya nyama ni shilingi 10,000, ambayo ndani yake kuna mfupa mliolipia. Kila mmoja anaweza kuweka bei ya soko lake mahali pa hizi zangu. Jibu halitabadilika sana. Ni kweli kwamba protini ya maharage peke yake ina upungufu, na ya mahindi peke yake ina upungufu, lakini kasoro ya kila kimoja hufidiwa na mwenzake. Bibi zetu waliopika kande hawakusoma maabara yoyote, na walikuwa wamepatia.

Kuhusu dagaa nina mengi ya kusema, maana ni chakula kinachodharauliwa bila sababu. Wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao, wanatupatia kalsiamu ambayo wengi wetu hatuipati kwenye maziwa. Lakini hapa kazi yangu inanilazimu kuwapa tahadhari mbili. Ya kwanza ni mchanga. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria huanikwa chini, juu ya mchanga wa ufukweni. Wakipimwa kwa uzito, mchanga nao unapimwa, nanyi mnaulipia kwa bei ya samaki. Walioanikwa juu ya vichanja huuzwa ghali kidogo, lakini ukiondoa mchanga na vichwa vilivyovunjika, mara nyingi bei halisi huwa sawa, au ya vichanja huwa nafuu. Chukueni konzi moja, mtikise juu ya karatasi, mtazame kinachobaki. Ya pili: kuna dagaa wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Hao huwa wamelowa mvua, wameoza kidogo au wamechanganyika na uchafu, na si vya ajabu kukuta wamehamia kwenye meza ya watu. Dagaa mzuri ana rangi ya kung'aa na harufu ya samaki mkavu. Yule mwenye harufu kali ya kuoza, aliyevunjikavunjika na kuwa unga wa kahawia, muacheni hapohapo hata kama bei inavutia.

Nikija kwenye unga, najua nagusa jambo ambalo watu hugombana. Dona au sembe? Katika dona kiini na pumba za mahindi hubaki, na humo ndimo mlimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, nyuzinyuzi na mafuta ya asili. Sembe huondolewa vyote hivyo, kisha mkobolaji huuza pumba kwa mfugaji, yaani ng'ombe anapata kile ulichokilipia. Kwa hiyo wataalamu wa lishe hupenda dona, nami pia. Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Mahindi yaliyoshambuliwa na ukungu huwa na sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye kiini na ganda la punje. Mahindi yakiwa mabaya, dona lake huwa baya kuliko sembe lake. Ubora wa dona unategemea mahindi yaliyosagwa, na hayo hamwezi kuyaona mkinunua unga wa kupima kwenye gunia lililofunguliwa.

Sumukuvu si hadithi ya kutishia watu. Mwaka 2004 katika maeneo ya mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walifariki hapa kwetu pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo ni matukio ya sumu nyingi kwa mara moja. Sumu kidogo inayoliwa kila siku kwa miaka haiui kwa haraka. Hulidhuru ini polepole na huweza kusababisha saratani yake. Nayo haiondoki kwa kuchemsha. Ugali wake unaiva vizuri, hauna ladha ya ajabu, na sumu imo.

Kinachosaidia ni macho na mikono. Nunueni mahindi makavu, yachambueni punje moja moja kabla ya kupeleka mashineni, mkitoa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Karanga ni vivyo hivyo, tena zaidi. Punje mlizotoa msiwape kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu inaweza kurudi kwenu kupitia yai na maziwa. Mkitaka kujua kama mahindi yamekauka, kuna njia ya kijijini isiyo na gharama: wekeni mahindi kiasi ndani ya chupa kavu, mwage kijiko cha chumvi kavu, funikeni na mtikise kwa dakika chache, kisha muiache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu. Hayafai kuhifadhiwa wala kusagwa akiba.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine yote, nalo ni unga wa lishe wa watoto.

Mwaka jana nilikutana na mama kijana, mtoto wake wa kwanza ana miezi minane. Alikuwa akinunua unga wa lishe kwenye mfuko wa plastiki usio na jina, shilingi 5,000 kwa kilo, wakati unga wa mahindi wa kawaida ulikuwa chini ya nusu ya bei hiyo. Alijinyima yeye ili auweze. Muuzaji alimwambia una vitu kumi na viwili: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, maharage, ufuta, mbegu za maboga, korosho, na dagaa. Alikuwa akijivunia idadi ile. Mtoto alikuwa akiharisha mara kwa mara na uzito hauongezeki.

Sitasema unga ule ndio uliomdhuru mtoto yule. Uchunguzi wa mtoto ni kazi ya daktari, nami nilimshauri aende kliniki siku hiyohiyo. Ninachoweza kusema ni kinachohusu unga. Kila kiambato kinachoongezwa ni mlango mmoja zaidi wa ukungu kuingilia. Karanga na korosho zikishasagwa, mafuta yake huchacha upesi. Soya isiyopikwa au kukaangwa ipasavyo kabla ya kusagwa huzuia tumbo la mtoto kuitumia protini. Maharage yanataka mchemko mrefu, mtama unataka mfupi. Uji wa dakika kumi hauwezi kuvitendea haki vyote. Na mfuko usio na jina la mtengenezaji hauna wa kumuuliza.

Kwa fedha hiyohiyo, na pengine pungufu, mtoto aliyepita miezi sita, akiwa anaendelea kunyonya, angeweza kupata uji wa nafaka moja safi, uliotiwa siku ile karanga zilizochambuliwa na kusagwa nyumbani, au dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kutwangwa laini, au yai lililopikwa ndani yake, au parachichi lililopondwa, au kijiko cha mafuta. Leo kimoja, kesho kingine. Mchanganyiko huo unaufanya wewe mwenyewe, mbele ya macho yako, na kila kitu umekiona kikiwa kizima. Wanaotengeneza unga wa lishe kwa uaminifu, wakasajiliwa na kupimwa, wapo. Bidhaa zao zina jina la mtengenezaji na anwani, orodha ya viambato, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Mkinunua, nunueni wenye hayo yote.

Niseme basi kidogo juu ya hayo maandishi ya kwenye pakiti, kwa kuwa ni taarifa mliyoilipia. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Kinywaji ambacho picha yake ni embe, na orodha yake inaanza na maji, kisha sukari, halafu rangi na ladha, kina picha ya embe tu. Juisi ya yule mtoto wa shule ilikuwa hivyo. Soda ya mililita 350 ambayo kwa kila mililita 100 ina gramu 10 na kidogo za sukari inampa mnywaji zaidi ya gramu 35, sawa na vijiko vya chai karibu tisa. Mtoto angewekewa vijiko tisa kwenye kikombe cha chai, nadhani mngeninyang'anya kijiko.

Katika unga wa ngano, mafuta ya kupikia na chumvi kuna virutubishi ambavyo serikali imeagiza viongezwe viwandani. Unga wa ngano huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, ambayo humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Mafuta huongezwa vitamini A. Chumvi huongezwa madini joto, ambayo upungufu wake huvimbisha tezi ya shingo na kudumaza akili ya mtoto tangu angali tumboni. Chumvi ni ushindi wa bei rahisi kuliko wote, mradi pakiti iseme kwamba ina madini joto, na mradi nyumbani ikae ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko. Hata hivyo isizidi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote.

Vitamini A iliyo kwenye mafuta huharibiwa na mwanga na hewa. Yale mafuta ya kupima yanayokaa juani kutwa nzima ndani ya chupa nyeupe huwa yamepoteza sehemu ya kile kilichowekwa kiwandani, na hamwezi kujua yalitoka dumu gani. Najua kwa nini tunayanunua. Ndiyo yanayolingana na mia tano. Lakini ninyi ni vikundi. Fedha mnaweka pamoja, mikopo mnakopeshana. Majirani watano wakinunua dumu la lita 5 lililofungwa na lenye lebo, wakagawana nyumbani kwenye chupa safi zinazowekwa kabatini, kila mmoja amepata lita moja kwa bei ya dumu. Vivyo hivyo kwa maharage na mahindi wakati wa mavuno: gunia moja, watu kumi, na mifuko ya plastiki ya tabaka isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote.

Kununua kidogo kidogo ni ghali, na ughali huo hauonekani kwa sababu kila mara unatoa sarafu. Pakiti ya gramu 50 inayouzwa shilingi 500 ni shilingi 10 kwa kila gramu. Maana yake kilo yake ni shilingi 10,000. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila pakiti ndogo: gawanyeni bei kwa gramu, kisha linganisheni. Siku hizi pia pakiti hubaki na bei na sura ileile huku gramu zikipungua pembeni, kwa herufi ndogo. Si kosa kisheria iwapo uzito umeandikwa kwa ukweli, lakini si lazima mkubali bila kujua.

Mboga za majani ndipo ambapo kipato kidogo hakina cha kuonea wivu kipato kikubwa. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga na mlenda vinashinda kwa virutubishi mboga nyingi za bei kubwa zilizopangwa kwenye majokofu. Osheni kwanza, ndipo mkate. Mkikata kwanza, sehemu ya vitamini inakwenda na maji. Pikeni kwa muda mfupi, maji kidogo, msimwage mchuzi. Kisamvu ndicho pekee kisichofuata kanuni hiyo: kitwangwe, kichemshwe kwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu kina asili ya sumu inayotoka na mvuke. Kamulieni limao juu ya mboga au maharage mezani, maana uchachu wake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, nayo chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa huyazuia. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vikiwapo kwenye genge lenu kwa bei ya viazi vyeupe, vichukueni hivyo. Vitamini A yake ni nyingi.

Juu ya viporo nitasema sentensi chache, kwa kuwa nimewashauri mpike usiku mle asubuhi. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto hili la Dar es Salaam ikiwa ni wali, maharage au chochote chenye nyama na samaki. Kipoozeni upesi, kifunikeni, na asubuhi kipashwe mpaka kichemke kweli. Wali ulioachwa sufuriani usiku kucha ndio hatari, maana baadhi ya sumu za vijidudu vyake haziondoki hata ukiupasha tena.

Mwisho ni mizani. Kabla muuzaji hajaweka bidhaa, mshale au namba isome sifuri. Mizani iwe mahali mnapoweza kuiona, iwe na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, na jiwe la kupimia liwe na mhuri. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, nikiishi kwa fedha za kujikimu zilizokuwa zikiisha kabla ya mwezi, nilinunua mchele miezi minane kwenye duka moja jirani na hosteli, na kilo yake siku zote ilikuwa haitoshi sufuria yangu. Niliamini nimekosea kupika. Siku nilipoazima mizani ya mwenzangu nikakuta gramu 870. Gramu 130 kwa kila kilo. Mkifanya hesabu, kila kilo ya nane niliyoilipia haikuwahi kufika chumbani kwangu. Sikulalamika kokote, kwa kuwa sikujua pa kwenda, na niliona aibu kugombania mchele.

Mkipatwa na kama hilo, au mkiuziwa kilichooza au kilichopita muda wake, msitupe ushahidi. Hifadhini kilichobaki pamoja na pakiti yake, risiti kama ipo, na mwandike siku, saa na mahali. Kwa mizani na ujazo, nendeni Wakala wa Vipimo. Kwa ubora na usalama wa chakula, Shirika la Viwango. Kwa udanganyifu wa matangazo na bidhaa bandia, Tume ya Ushindani. Msipojua ni wapi, njooni kwetu tuwaelekeze. Kulalamika ni bure.

Pale mlangoni tumeweka mizani mbili zilizokaguliwa asubuhi ya leo. Niliomba mliofanya biashara ya genge, na mnaonunua, mje na vikombe, makopo na visado vyenu vya kupimia. Mama wa elfu tisa yupo hapa, ameketi mstari wa tatu, na kopo lake liko mapajani. Tutaanza na lake, kisha tutapokea maswali huku tukipima.